Tai wa Salahuddin na Deni la Jina

Neno nembo, msomaji, ni la zamani kuliko serikali tunazozijua. Kabla halijawa jina la picha inayopigwa juu ya sarafu, hati na milango ya ofisi, lilikuwa jina la chale: alama zilizochanjwa usoni au kifuani mwa mtu ili ajulikane watu wake ni akina nani. Nembo ya namna hiyo haikuvuliwa. Mtu aliipata kwa maumivu, akaishi nayo, akaingia nayo kaburini. Leo mataifa nayo yana nembo, lakini nembo za mataifa huchorwa kwa kalamu, na kilichochorwa kwa kalamu chaweza kufutwa kikachorwa kingine mahali pake. Hapo ndipo linapozuka swali ninalotaka tulipime pamoja katika insha hii: nembo ya taifa ni chale au ni nguo?

Mfano nilioutwaa ni nembo ya Misri, ambayo Waarabu huiita Tai wa Salahuddin. Nimeutwaa kwa sababu tatu. Kwanza, nembo hii ilisafiri sana katika nchi za Kiarabu: baada ya Misri ilionekana Iraki, Yemen, Libya na Palestina, na kila ilipofika ilibadilishwa kidogo. Pili, imebeba jina la mtu mkubwa wa historia, na jina hilo lina maswali ndani yake. Tatu, maneno mengi ya habari yake yana ndugu zao katika Kiswahili, kwa hiyo sisi twaweza kuyasikia kwa sikio ambalo wasomaji wa lugha nyingine hawana. Tutaitazama kwa utaratibu: kwanza umbo, kisha maana, kisha jina, na mwisho tutatoa hukumu.

Umbo lake ni hili. Tai wa rangi ya dhahabu amesimama wima, kifua mbele, mabawa yameteremka ubavuni, kichwa kimegeuzwa upande. Kifuani amebeba ngao yenye rangi tatu za bendera ya Misri, nyekundu, nyeupe na nyeusi, zilizosimamishwa wima. Chini ameshika kwa kucha zake utepe, na juu ya utepe yameandikwa kwa khati ya Kikufi maneno yenye maana ya Jamhuri ya Kiarabu ya Misri. Ni hayo tu. Hapana mto Nile, hapana ngano wala pamba, hapana piramidi, hapana hilali wala msalaba.

Jambo hili lastahili kustaajabisha. Misri ni nchi ambayo mtoto ye yote aliyepita darasa la nne huijua kwa mto wake na kwa majengo yake ya kale. Nchi kama hiyo, iliyo na ghala kubwa namna ile la vitu vya kuchora, ilichagua ndege asiye na alama hata moja ya nchi yake ila maandishi. Ukiifunika ngao na utepe kwa vidole viwili, itakuwa shida kwako kumtenga tai wa Cairo na tai wa Baghdad. Tena mtindo wenyewe, yaani tai aliyesimama akikutazamisha kifua chenye ngao, ni wa kawaida sana katika nembo za Ulaya. Wafalme wa Austria na wa Urusi waliutumia, na Marekani wanautumia hata leo. Mhakiki mkali angeweza kusema kwamba hii ni nguo iliyoshonwa kwa mkato wa kigeni, ikavalishwa kilemba cha nyumbani.

Walakini haki yataka tuseme na uzuri wake. Mistari yake ni michache na mizito, mfano wa kitu kilichotindwa katika jiwe. Yaweza kupigwa juu ya sarafu ndogo isipotee, ikashonwa juu ya kofia ya askari isichakae umbo, ikachorwa na mwanafunzi ukutani akafanana naye. Nembo yenye vitu kumi haiwezi hayo. Na ule ukimya wake wafaa kusifiwa vile vile. Katika mapinduzi ya mwaka 1919 dhidi ya utawala wa Waingereza, Wamisri walibeba bendera zenye hilali na msalaba pamoja, ili ijulikane kwamba Mwislamu na Mkristo wa Kikopti walikuwa safu moja. Hilo lilikuwa jambo tukufu. Tai hakuhitaji kuyasema hayo, kwa kuwa hana dini usoni mwake, na mtu wa kila imani aweza kusimama chini yake bila ya kuuliza amewekwa wapi.

Sasa tuingie katika maana. Nembo ya ufalme wa Misri, kabla ya tai, ilikuwa hilali na nyota tatu juu ya ngao ya buluu, na juu yake taji. Tarehe 23 Julai, 1952, maofisa wa jeshi, miongoni mwao Muhammad Naguib na Gamal Abdel Nasser, walimpindua Mfalme Farouk. Mwaka uliofuata ufalme ulifutwa na jamhuri ikatangazwa. Utawala mpya ulitaka sura mpya, ukamtoa tai. Lakini tazama jinsi walivyofanya kwa tahadhari: kifuani mwa tai wa kwanza waliacha hilali na nyota tatu za zamani. Taji lilianguka, hilali haikuanguka. Nembo ile ilikuwa kama mtu aliyehamia nyumba mpya akaja na mkeka wa nyumba ya zamani.

Mkeka huo haukudumu. Mwezi wa Februari, 1958, Misri na Shamu ziliungana zikawa taifa moja kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Hilali ikatoka kifuani, zikaingia rangi tatu na nyota mbili za kijani, moja ya Misri na moja ya Shamu. Muungano huo ulikatika mwezi wa Septemba, 1961, Shamu ilipojitoa. Je, nyota ya pili ilitoka? Haikutoka. Misri iliendelea kujiita kwa jina lile la muungano, na nyota mbili zikakaa kifuani mwa tai miaka kumi zaidi, mfano wa mtu aliyeachwa na mwenziwe naye bado ameandika majina mawili juu ya mlango.

Iraki nayo ina habari inayofanana na hiyo. Mwaka 1963 ilitia nyota tatu katika bendera yake, kwa tumaini la kuungana na Misri na Shamu. Muungano ule haukuzaliwa. Tai aliingia Iraki mwaka 1965 akiwa na nyota zile tatu katika ngao yake, na nyota hizo za muungano usiozaliwa zilidumu mpaka mwaka 2008. Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba nembo hueleza aghalabu lile ambalo watawala walilitaka, si lile lililopo. Asomaye nembo kama picha ya mambo yalivyo hupotea. Aisomaye kama barua ya maombi huielewa.

Yemen ilitumia hekima nyingine. Ilimchukua tai yule yule, lakini ngaoni ikachora mti wa kahawa na boma la Marib, lile boma la maji la kale lililolisha mashamba ya Saba. Hapo tai wa wote alipewa chakula cha nyumbani. Ukilinganisha ngao hii na ngao za nyota, utaona kwamba mti wa kahawa haukulazimika kufutwa serikali zilipogombana. Nyota za mapatano huzimika mapatano yakivunjika. Mti na maji havitegemei sahihi ya rais.

Nimefika katika jina, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kwa nini ndege huyu huitwa Tai wa Salahuddin?

Salahuddin alizaliwa Tikrit, katika nchi ya Iraki, mwaka 1137 au 1138. Alikuwa waziri wa Misri mwaka 1169, akaukomesha ukhalifa wa Wafatimi mwaka 1171, na baadaye akatawala Misri, Shamu, Yemen na sehemu za kaskazini ya Iraki. Mwaka 1187 aliwashinda Wapiganaji wa Msalaba katika vita vya Hattin, na tarehe 2 Oktoba ya mwaka huo huo akautwaa mji wa Yerusalemu. Alifariki Dameski mwaka 1193. Mtu aliyeziunganisha Misri na Shamu na kuwashinda watu waliotoka ng'ambo ya bahari! Si vigumu kuona kwa nini watawala wa miaka ya 1950, waliotaka kuziunganisha nchi zile zile na kuwaondoa wakubwa wa ng'ambo, walilipenda jina lake.

Ushahidi wa jina hili umo katika ukuta. Salahuddin alianza kuijenga ngome kubwa ya Cairo mwaka 1176, na katika ukuta wa ngome hiyo, upande wa magharibi, pamechongwa tai katika jiwe. Watu walimnasibisha tai huyo na mwenye ngome, na wakasema kwamba ndiye alama yake. Lakini, msomaji, tai huyo hana kichwa. Wako wataalamu wanaodhani kwamba alikuwa na vichwa viwili. Wako wanaosema kwamba si wa wakati wa Salahuddin, bali aliwekwa pale na watawala waliokuja baadaye. Wako wanaomkubali. Tai wa vichwa viwili hakuwa mali ya mtu mmoja katika zama zile. Yuko mmoja katika ukuta wa mji wa Diyarbakir, uliojengwa na watawala wengine kabisa. Kwa hiyo nembo ya Misri, inayosimama na kichwa kimoja kilichonyoka, imetoka katika jiwe lisilo na kichwa, na jina lake limetoka katika dhana ambayo wataalamu wanashindana juu yake mpaka leo.

Hata neno tai lenyewe lina mgogoro. Waarabu humwita ndege huyu nasr. Katika Kiarabu cha zamani nasr ni yule ndege mkubwa alaye mizoga, na ndege awindaye kwa kucha zake, anayeitwa mfalme wa ndege, ni uqab. Siku hizi neno nasr limepanuka likawafunika wote wawili. Usiwacheke Waarabu, maana na sisi tuko katika mashua ile ile. Tai katika Kiswahili ni yule aonekanaye akizunguka juu ya mzoga, na ni yule vile vile arukaye peke yake juu ya mlima na kushuka kama jiwe juu ya sungura. Tunalo neno tumbusi la kumtenga mla mizoga, lakini ni wangapi wanaolitumia? Lugha mbili zimempa ndege mwindaji na ndege mla mzoga jina moja. Serikali ye yote inayomchagua ndege huyu ingefaa ilikumbuke jambo hilo kila siku ya kazi.

Liko jambo lingine la masikio. Neno nasr la ndege huandikwa kwa herufi ya sini. Liko neno jingine, nasr, linaloandikwa kwa herufi ya swadi, na maana yake ni ushindi na msaada. Kwa Mwarabu maneno hayo ni mawili mbalimbali. Sikio la Mswahili, ambalo halitengi sana herufi hizo, husikia neno moja. Katika mzizi huo wa pili sisi tumepata nusura na kunusuru, na jina la watu, Nassoro. Salahuddin mwenyewe alikuwa na lakabu ya al-Malik an-Nasir, yaani Mfalme Mwenye Kunusuru, na rais aliyekuwa mashuhuri kuliko wote chini ya nembo hii alikuwa na mzizi huo huo katika jina lake. Sisemi kwamba wachoraji walikusudia kuyakutanisha maneno hayo. Nasema tu kwamba jina likipendeza katika masikio hukubaliwa upesi kabla ya kuchunguzwa, na mwanafunzi wa lugha hana budi kuwa mwangalifu hapo.

Kama ungetaka kuona jinsi jina linavyoweza kuwa na nguvu kuliko picha, tazama lililotokea mwaka 1972. Misri, Libya na Shamu zilifanya shirikisho, na tai akaondolewa akawekwa ndege mwingine: saqr, ambaye sisi tungemwita kozi, na akaitwa Kozi wa Makureshi. Makureshi ni kabila la Mtume Muhammad. Kozi wa Makureshi ilikuwa pia lakabu ya Abd al-Rahman, yule mwana wa Bani Umayya aliyewakimbia waliowaua ndugu zake, akasimamisha utawala huko Kordoba, Hispania, mwaka 756. Mtu asiyezoea ndege angeziweka picha mbili hizo pamoja akaona tofauti ndogo ya shingo na mabawa. Lakini majina yalitofautiana mno. Tai lilikuwa jina la mtu mmoja aliyeshinda vita. Kozi lilikuwa jina la nasaba.

Shirikisho hilo nalo halikuwa na umri. Mwezi wa Julai, 1977, Misri na Libya, nchi mbili zilizobeba kozi mmoja, zilipigana vita vya siku chache mpakani. Mwezi wa Novemba mwaka huo Rais Sadat wa Misri alikwenda Yerusalemu kuzungumza na Waisraeli, na Libya kwa hasira ikaitupa bendera ya shirikisho ikapandisha ya kijani tupu. Misri iliendelea kumbeba kozi wa nyumba iliyokwisha kubomoka mpaka mwezi wa Oktoba, 1984, ndipo tai aliporudishwa. Hesabu basi, msomaji: tangu mapinduzi ya 1952 mpaka 1984, miaka thelathini na miwili, Misri ilikuwa na tai wa hilali, tai wa nyota mbili, kozi, kisha tai tena. Watoto waliozaliwa siku ya mapinduzi walikuwa bado hawajatoa mvi. Hapo ile hoja ya nguo inapata nguvu: hizi si chale, ni kanzu zinazobadilishwa.

Lakini kubadilika si dosari kubwa kuliko zote. Dosari kubwa ninayoiona iko Iraki, na ningependa uifikiri kwa makini.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1958 Iraki ilijipatia, mwaka 1959, nembo ambayo kwa maoni yangu ni katika nembo bora zilizochorwa katika nchi za Kiarabu. Mchoraji wake alikuwa Jawad Salim, yule msanii aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Baghdad. Aliliacha kabila la ndege wakali, akachukua jua la kale la watu wa Mesopotamia, lenye miale, na ndani yake akatia shuke la ngano na gurudumu la kiwanda. Pembeni akaweka silaha mbili: upanga wa Mwarabu na jambia la Mkurdi. Elewa maana yake. Iraki ni nchi ya Waarabu na Wakurdi na wengineo, na nembo ile ilikiri hivyo waziwazi, kwa chuma mbili zilizowekwa katika duara moja. Mkurdi aliyeitazama alijiona.

Mwaka 1965 nembo hiyo ilifutwa, akawekwa Tai wa Salahuddin, alama ya umoja wa Waarabu. Jambia la Mkurdi lilitoka. Na Salahuddin, ambaye jina lake lililetwa kuwa ishara ya Uarabu, alikuwa kabila gani? Alikuwa Mkurdi. Watu wa nyumba yake walikuwa Wakurdi. Alisema Kiarabu, akatawala Waarabu, na jeshi lake lilikuwa na Waturuki na Wakurdi wengi. Vita vyake alivipigana kwa jina la dini, wala hakuwahi kufikiri juu ya taifa la Kiarabu kwa maana inayotumiwa katika zama zetu. Basi Mkurdi mmoja aliyekufa zamani alitukuzwa katika nembo, na Wakurdi walio hai wakaondolewa katika nembo hiyo hiyo.

Kama mambo yangeishia katika picha tungeweza kunyamaza. Hayakuishia hapo. Tarehe 16 Machi, 1988, ndege za serikali ya Iraki, serikali iliyopiga muhuri wa Tai wa Salahuddin juu ya hati zake, ziliumwagia mji wa Wakurdi wa Halabja moshi wa sumu. Waliokufa wanakadiriwa kufikia 5,000, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Siwezi kuitazama nembo ile ya 1965 bila ya kuyakumbuka hayo. Sisemi kwamba picha iliua. Picha haiui. Lakini nembo iliyolikopa jina la mtu na kuwasahau watu wake ilikuwa imekwisha kusema jambo, na masikio yetu yalipaswa kulisikia mapema.

Hapa kutatokea msomaji atakayeniuliza: je, basi, jina hili ni uongo? Jiwe halina kichwa, tai hajulikani kama ni wake, na mwenyewe hakuwa Mwarabu. Si afadhali lifutwe?

Mimi sikubali. Nembo haisimami mbele ya kadhi kutoa ushahidi wa mambo yaliyopita. Kama tungefuta kila alama ambayo asili yake ina mashaka, mataifa mengi yangebaki uchi. Watu waliokusanyika chini ya tai yule, wakafurahi walipouona Mfereji wa Suez umekuwa mali yao mwaka 1956, hawakufurahi kwa sababu ya jiwe la ngomeni. Furaha yao ilikuwa ya kweli, na tai aliipata maana yake kwao. Alama hulelewa na watu kama mtoto: aliyemzaa huenda asijulikane, lakini waliomlea wanajulikana.

Ninalolishika ni jingine. Wahenga walisema ahadi ni deni. Nami naongeza kwamba jina nalo ni deni. Anayempa mtoto wake jina la babu aliyekuwa mkarimu amemfunga mtoto huyo kuwa mkarimu. Serikali inayojivika jina la Salahuddin imekopa, na itadaiwa. Deni lenyewe ni lipi? Salahuddin hakuwa malaika. Baada ya Hattin aliamuru mashujaa wa vyama viwili vya kidini vya Wapiganaji wa Msalaba wauawe wakiwa mateka. Yerusalemu ilipojisalimisha alitoza fidia ya dinari kumi kwa kila mwanamume na tano kwa kila mwanamke, na maelfu wasiokuwa na fedha waliingia utumwani. Lakini hakufanya kama walivyofanya wale walioutwaa mji huo mwaka 1099, ambao waliwaua wenyeji bila ya kuchagua. Na Ibn Shaddad, kadhi aliyekuwa karibu naye mpaka mwisho, aliandika kwamba katika hazina yake mwenyewe alipofariki zilipatikana dirhamu 47 za fedha na kipande kimoja cha dhahabu. Mtu aliyetawala Misri na Shamu hakuacha nyumba, wala shamba, wala bustani.

Hilo ndilo deni. Si upanga tu. Ni upanga pamoja na hazina tupu. Ni ushindi pamoja na huruma kwa mji ulioshindwa. Watawala wengi waliolitumia jina hili katika karne ya ishirini walichukua nusu yake ya kwanza wakaiacha ya pili. Walimpenda mshindi wa Hattin, wakamsahau maiti wa Dameski aliyekufa bila mali. Kwa hiyo kasoro ya Tai wa Salahuddin haimo katika jina lake. Imo katika wale waliolikopa wasilipe.

Linganisha na nembo moja mpya. Serikali ya Assad ilianguka huko Shamu mwezi wa Desemba, 2024, na tarehe 3 Julai, 2025, nchi hiyo ikatangaza nembo nyingine. Ni tai wa dhahabu tena, na nyota tatu juu yake, lakini ngao imetoka kifuani. Manyoya yake yamehesabiwa: kumi na manne ya mabawa kwa mikoa kumi na minne, na matano ya mkia kwa pande tano za nchi, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi na katikati. Wazo hili ni jema. Badala ya kuegemea jina la mfu mmoja, limejaribu kuwahesabu walio hai: tai asiye na unyoya mmoja hupepesuka. Ila tusiwe wepesi wa kusifu. Wino hauwahifadhi watu. Mkoa uliochorewa unyoya waweza kudhulumiwa kesho kama jambia la Mkurdi lilivyofutwa jana, na unyoya ukabaki pale pale ukimeremeta. Nembo hii nayo imekopa, na muda wake wa kulipa ndio kwanza umeanza.

Sasa nirudi katika swali la mwanzo. Nembo ya taifa ni chale au ni nguo? Jibu langu ni kwamba huanza kama nguo. Hukatwa na kushonwa na wachache walio na mkasi, nao aghalabu huikata kwa kipimo chao wenyewe. Lakini yaweza kugeuka chale, si kwa kuchorwa upya, bali kwa matendo ya miaka mingi yanayofanywa chini yake. Matendo mema huichanja, na mabaya huichanja vile vile. Mama wa Halabja aliyepoteza watoto wake amechanjwa na tai yule mahali ambapo hakuna serikali iwezayo kupafuta.

Basi utakapoketi kuitazama nembo yo yote, hata ile iliyo juu ya sarafu mfukoni mwako, yenye simba wawili na jogoo aliyeshika shoka, usitosheke na kukariri maana za rangi kama zilivyoandikwa kitabuni. Jiulize nani yumo na nani hayumo. Jiulize jina lililotumika limekopwa kwa nani. Kisha tazama nje ya dirisha, uone kama deni linalipwa.